Nusu au Yote: Mwongozo kwa Mgonjwa wa Saratani ya Thairoidi Kabla Hajasaini Fomu

Mdogo wangu aliambiwa Jumanne kwamba uvimbe wake wa shingoni ni saratani, na Alhamisi akawekewa fomu ya ridhaa mezani. Kwenye fomu palikuwa na mstari wa kujaza aina ya upasuaji, na mstari ule ulikuwa mtupu. Akachukua kalamu asaini. Nikamshika mkono: "Ngoja kwanza, tujue wanatoa nini." Hakuna aliyekuwa na nia mbaya pale. Foleni ilikuwa ndefu, na daktari alikuwa ametoka thieta muda si mrefu. Lakini mstari ule mtupu ndio unaoamua kama utameza kidonge kila asubuhi maisha yako yote, kama vidole vitakufa ganzi usiku, na kama baadaye unaweza kupewa dawa ya mionzi au la.

Naandika kwa ajili ya mtu wa Moshi, Arusha, Rombo au Karatu aliyepewa jibu kama lile na hajui aulize nini. Mimi si daktari. Nimesindikiza wagonjwa wawili wa nyumbani kwetu: shangazi, aliyetolewa tezi yote, na mdogo wangu, aliyetolewa upande mmoja. Wote wawili walifanyiwa kilichowafaa, na hilo ndilo lililonifundisha kwamba jibu halifanani kwa kila mtu. Uamuzi ni wako na daktari wako. Kazi yangu hapa ni kukufikisha mbele yake ukiwa na maswali sahihi.

Hatua ya 1: Hakikisha mnazungumzia tezi moja

Kwenye Kiswahili neno tezi linabeba mzigo mkubwa. Kuna tezi dume, kuna tezi za limfu zinazovimba mtoto akiumwa koo, na kuna hii tezi ya thairoidi iliyokaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Umbo lake ni la kipepeo: bawa la kulia, bawa la kushoto, na daraja jembamba katikati. Ikivimba wazee wetu huita rovu, na siku hizi wengi tunasema goita. Kwa hiyo mtu akikuambia "hata mimi nilitolewa tezi shingoni, nikapona," muulize tezi ipi. Shangazi alishauriwa karibu mwaka mzima na jirani ambaye kumbe alitolewa tezi ya limfu yenye kifua kikuu.

Jambo la pili: uvimbe wa thairoidi ni kitu cha kawaida, na vivimbe vingi si saratani. Huku milimani wapo bado mama zetu wenye goita za tangu ujana, enzi ambazo chumvi ya dukani haikuwa na madini joto. Goita peke yake si hukumu. Saratani inathibitishwa maabara, haithibitishwi kwa kupapasa shingo.

Hatua ya 2: Pata jina kamili la saratani

Neno "saratani" halitoshi kuamua ukubwa wa upasuaji. Kabla ya yote hufanyika ultrasaundi ya shingo, kipimo cha damu kiitwacho TSH kinachoonyesha tezi inavyofanya kazi, halafu kipimo cha sindano, yaani sindano nyembamba inayochota seli kwenye uvimbe. Majibu ya sindano huandikwa kwa madaraja sita yaitwayo Bethesda. Daraja la 1 maana yake sampuli haikutosha, irudiwe. La 2 ni salama. La 3 na la 4 ni la mashaka. La 5 inashukiwa sana, na la 6 ni saratani. Omba uonyeshwe daraja lako kwa macho, na upige picha karatasi.

Ukiwa daraja la 4 elewa hivi: bado hujaambiwa una saratani. Hapo upasuaji wa upande mmoja mara nyingi ndio kipimo chenyewe, kwa sababu saratani ya aina ya folikula haitambuliki kwa sindano. Sindano inaonyesha seli tu. Folikula inajulikana ni saratani pale seli zinapovunja ganda la uvimbe au kuingia kwenye mishipa ya damu, na hilo linaonekana uvimbe ukitolewa mzima na kukatwakatwa maabara. Ni kama kuonyeshwa punje za mahindi kiganjani, halafu uulizwe kama ng'ombe alivunja uzio wa shamba. Jambo hili linatuhusu zaidi sisi kwa sababu folikula huonekana zaidi kwenye maeneo yenye upungufu wa madini joto.

Aina iliyo ya kawaida kuliko zote ni papilari, takriban watu 8 kati ya 10 wenye saratani hii. Huenda polepole, na ikiwahiwa ikiwa ndogo, karibu wote wanaishi. Aina ya medula ni nyingine kabisa: kwa kawaida hutolewa tezi yote pamoja na tezi za limfu za katikati ya shingo, familia hupimwa kwa sababu inaweza kurithiwa, na kabla ya upasuaji lazima ihakikishwe kwamba hakuna uvimbe kwenye tezi zilizo juu ya figo, ule unaoweza kupandisha presha ghafla mtu akiwa kwenye dawa ya usingizi. Aina ya anaplastiki ni adimu, hukua kwa wiki na si kwa miaka, na ikishukiwa nenda hospitali leo, usisome tena makala. Yanayofuata hapa ni ya papilari na folikula.

Hatua ya 3: Kusanya namba tatu

Mdogo wangu alipoulizwa na familia uvimbe ni mkubwa kiasi gani, alikunja ncha ya kidole gumba. Kila mtu akaona cha kwake. Shangazi akaona yai, mjomba akaona harage. Baadaye nilichukua rula ya mtoto wa shule, nikachora kwenye daftari mstari wa sentimita 2.3, na kikao kizima kikabadilika sauti.

Namba ya kwanza ni hiyo: sentimita ngapi, kwenye kipimo kirefu zaidi. Ya pili: tezi za limfu za shingo zimeangaliwa, na je, kuna zinazotiliwa shaka? Hapa kuwa mkali kidogo. Ultrasaundi nyingi zinaishia kwenye thairoidi yenyewe, na ripoti haisemi lolote kuhusu pembeni mwa shingo. Ripoti ikinyamaza usidhani pako salama. Rudi, uombe kwa heshima waangalie pande zote mbili za shingo na waandike. Ya tatu: upande wa pili wa tezi ukoje? Safi kabisa, au una vivimbe vingine?

Pamoja na namba hizo, uliza kama uvimbe umetoka nje ya tezi na kugusa msuli, koromeo au neva ya sauti. Sauti ikiwa imebadilika kabla ya upasuaji, mwambie daktari bila kusubiri aulize. Kamera ndogo ya koo kwa bingwa wa masikio, pua na koo itaonyesha kama nyuzi za sauti zinacheza zote mbili. Kwa maoni yangu kipimo hicho kifanyike hata kama sauti iko sawa, maana kinakupa alama ya kulinganisha baadaye.

Kama uko Arusha, ultrasaundi na vipimo vya damu unaweza kuvimaliza hukohuko. Kwa kusomwa upya kwa sampuli au kuonana na timu ya saratani, wengi hupewa rufaa kwenda hospitali ya KCMC, Moshi, mwendo wa kilomita kama 80. Beba ripoti, beba picha, na omba vioo vyenye sampuli ya sindano visafiri na wewe kama maabara inaruhusu. Kuchomwa upya kwa sababu karatasi ilibaki Arusha ni maumivu yasiyo na maana.

Hatua ya 4: Tafuta upo kundi gani

Zamani ilikuwa rahisi kujibu: saratani ya thairoidi ikizidi sentimita 1, toa tezi yote. Mwongozo wa Chama cha Thairoidi cha Marekani wa mwaka 2009 ulisema hivyo, na msingi wake mmoja ulikuwa uchambuzi wa mwaka 2007 wa wagonjwa zaidi ya 52,000 ulioonyesha kwamba waliotolewa yote walifanya vizuri zaidi kidogo. Mwaka 2014 watafiti walirudi kwenye kumbukumbu za aina hiyohiyo, safari hii watu 61,775 wenye papilari ya sentimita 1 hadi 4. Walipozingatia umri, magonjwa mengine na tabia ya uvimbe wenyewe, tofauti ya kuishi ikatoweka. Mwongozo wa 2015 ukafungua mlango wa upande mmoja kwa kundi hilo, na ule wa 2025 ukasogea mbele zaidi. Ukikutana na daktari au mgonjwa wa zamani anayesisitiza "lazima yote", huenda anasema alichofundishwa kwa haki kabisa wakati wake.

Kwa sasa picha iko hivi. Uvimbe usiozidi sentimita 2, uliobaki ndani ya tezi, bila tezi za limfu zenye dalili: upande mmoja unatosha, na ndio unaopendekezwa. Kati ya sentimita 2 na 4, bado ndani ya tezi, bila limfu: njia zote mbili zinakubalika, na hapa ndipo mazungumzo ya kweli yanahitajika. Zaidi ya sentimita 4, au umevunja ukuta wa tezi waziwazi, au limfu za shingo zina saratani inayoonekana, au umefika mapafu au mifupa: tezi yote itoke, pamoja na limfu zilizoshikwa. Hapo usibembeleze nusu. Shangazi alikuwa kundi hili. Uvimbe wake ulikuwa na sentimita 5 na limfu tatu upande wa kushoto, na hakuna aliyepoteza muda kubishana.

Yapo mambo yanayosogeza mtu wa katikati kuelekea yote: upande wa pili kuwa na vivimbe vya kutiliwa shaka, kuwahi kupigwa mionzi shingoni utotoni, ndugu wa damu wenye saratani hiyohiyo, au kuwa tayari unatumia vidonge vya thairoidi kwa sababu tezi haifanyi kazi. Huyu wa mwisho hana cha kupoteza upande wa vidonge.

Kwa uvimbe wa papilari chini ya sentimita 1 ipo hata njia ya kutokata kabisa. Dk Akira Miyauchi na wenzake wa Kuma Hospital, mjini Kobe, Japani, walianza mwaka 1993 kuwafuatilia wagonjwa hao kwa ultrasaundi badala ya kisu. Matokeo ya watu 1,235 yalichapishwa 2014: katika miaka 10, takriban 8 kati ya 100 uvimbe ulikua kwa milimita 3 au zaidi, na hakuna aliyekufa kwa saratani hiyo. Ni njia nzuri kwa mzee mwenye maradhi mengine. Lakini inadai ultrasaundi inayoaminika kila baada ya miezi 6 mpaka mwaka, kwa mkono wenye uzoefu, na mtu atakayerudi kweli. Ukijijua kwamba kliniki unaikimbia shamba likikubana, usiichague.

Hatua ya 5: Pima kila njia inakudai nini

Hii ndiyo hatua ambayo ningependa ukae nayo siku nzima, si dakika tano za chumba cha daktari.

Ukitolewa tezi yote, mwili hautengenezi tena homoni ya thairoidi. Utameza levothairoksini kila siku hadi mwisho wa maisha, kwa kawaida karibu mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 anaangukia karibu na mikrogramu 100. Kidonge humezwa na maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Vidonge vya kalsiamu na vya kuongeza damu vikae mbali nacho kwa saa 4. Shangazi anaweka kidonge chake na kikombe cha maji juu ya kigoda pembeni ya kitanda, anakimeza kabla ya sala ya alfajiri, halafu anageuza kikombe kifudifudi. Kikombe kikiwa kimesimama, mjukuu anajua bibi hajameza. Njia hiyo ni yake mwenyewe, na tangu aianze hajakosea.

Homoni hii inaondoka mwilini taratibu, nusu yake huisha kwa takriban siku 7, kwa hiyo kusahau siku moja hakuui. Kukosa dawa kwa miezi ni jambo jingine: uvivu usioelezeka, uso kuvimba, baridi hata jua la Moshi likiwaka, na mwisho hatari ya maisha. Daktari Mswisi Theodor Kocher, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya thairoidi, aliliona hili mwaka 1883 alipowaita wagonjwa wake wa zamani: wale aliowatoa tezi yote walikuwa wamedhoofika mwili na akili. Dawa haikuwepo. Leo ipo, ila kuwepo kwake duniani si sawa na kuwepo kwake kwenye duka la dawa la kijijini kwako. Nenda kaulize kabla ya upasuaji. Muulize mwenye duka kama levothairoksini huwa nayo kila mwezi au huagiza, na ulizia bima yako inaigharamia vipi. Jibu la mwenye duka lina uzito kwenye uamuzi huu.

Ukitolewa upande mmoja, bawa lililobaki mara nyingi linabeba kazi yote. Takriban watu 2 au 3 kati ya 10 huja kuhitaji vidonge, na hata hao wana akiba inayowashikilia dawa ikichelewa.

La pili ni kalsiamu. Nyuma ya thairoidi kuna vitezi vidogo, kwa kawaida vinne, kila kimoja kama punje ya mchele, vinavyolinda kalsiamu ya damu. Tezi yote ikitolewa, vyote vinne vinaguswa au kukosa damu kwa muda. Karibu robo ya wagonjwa kalsiamu hushuka kwa siku au wiki kadhaa, na kwa mikono yenye uzoefu mtu 1 hadi 3 kati ya 100 hubaki hivyo daima. Dalili huanza siku ya kwanza hadi ya tatu: ganzi na kuchomachoma kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole, kisha misuli kukakamaa. Kwa shangazi ilianza usiku wa pili. Alisema midomo yake ni kama imepakwa pilipili. Muuguzi akamgonga kidogo kwa kidole mbele ya sikio, na pembe ya mdomo ikaruka yenyewe. Akapewa kalsiamu, na asubuhi alikuwa anakunywa uji. Ukitolewa upande mmoja, vitezi viwili vya upande wa pili havikuguswa, na tatizo hili la kudumu ni adimu sana.

La tatu ni sauti. Kila upande unapita neva moja nyembamba kama uzi wa kushonea. Upande mmoja unahatarisha neva moja, tezi yote inahatarisha mbili. Kuumia kwa kudumu ni takriban mtu 1 kati ya 100 kwa daktari mzoefu. Neva moja ikiumia sauti inakwaruza. Zikiumia mbili, pumzi yenyewe inaweza kuziba. Mwalimu, mwimba kwaya, mchungaji, mnadi mitumba wa Kiborloni: mwambie daktari kazi yako kabla, asije kuijua baadaye.

La nne ni madini joto yenye mionzi, dawa inayomezwa kwenda kuua mabaki ya thairoidi popote yalipo. Inafanya kazi vizuri tezi yote ikiwa imetoka. Bawa likibaki, linaimeza lenyewe. Hii ndiyo hoja ya zamani ya kutoa yote, na kwa wenye hatari kubwa bado ni hoja nzito. Lakini utafiti wa Ufaransa wa wagonjwa 776 wenye hatari ndogo, uliochapishwa 2022, ulionyesha kwamba baada ya miaka 3 waliopewa na wasiopewa mionzi hawakutofautiana. Kwetu huduma hiyo inamaanisha safari ya Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road, kukaa mbali na watoto kwa siku kadhaa, kutoshika mimba kwa angalau miezi 6, na mama anayenyonyesha kuachisha mapema. Kama haihitajiki, usitolewe tezi yote kwa ajili ya dawa ambayo hutapewa.

Maoni yangu, nikishaweka yote kwenye mizani: kwa mtu wa kundi la katikati anayeishi mbali na maabara, upande mmoja unasamehe zaidi. Bawa moja lililobaki halisahau dozi, halikosekani dukani, halisubiri rufaa. Upande wa pili wa mizani nao una uzito. Baadhi ya watu watarudi thieta mara ya pili majibu ya nyama, yaani majibu ya maabara ya kilichotolewa, yakiwa mabaya, na wapo ambao hofu ya kubaki na nusu itawanyima usingizi kwa miaka. Hofu hiyo ni ya kweli. Iseme.

Hatua ya 6: Fanya kikao cha familia kabla, si wodini

Huku kwetu mgonjwa haamui peke yake, na sioni ubaya. Ubaya ni kuamua kwenye korido. Sisi tulikaa barazani Kibosho, Jumapili baada ya ibada. Shangazi alianza: "Mwanangu, saratani haichezewi. Mimi walitoa yote na nipo." Mjomba akaunga mkono. Mdogo wangu akanyamaza, maana nani ambishie shangazi aliyeponea?

Nilichofanya ni kumwomba shangazi atuonyeshe ripoti yake. "Shangazi, shikamoo tena, naomba ile karatasi yako." Tukaiweka pembeni ya ripoti ya mdogo wangu, na kwenye daftari nikachora mistari miwili: sentimita 5, na sentimita 2.3. Shangazi akaitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe huu si ugonjwa wangu." Hapo ndipo mdogo wangu alipoanza kuongea, na alichosema hakuna aliyekitegemea: haogopi kisu, anaogopa kufungua duka lake Kilombero saa kumi na mbili asubuhi huku mwili umelegea na TSH haijakaa sawa. Peleka ripoti kwenye kikao, na mpe mgonjwa nafasi ya kuongea kabla ya wakubwa kumaliza.

Hatua ya 7: Muulize atakayeshika kisu

Utafiti wa Marekani wa mwaka 2017 uligundua kwamba matatizo hupungua kwa madaktari wanaotoa tezi yote zaidi ya mara 25 kwa mwaka. Kwa hiyo swali la "Daktari, upasuaji huu unaufanya mara ngapi kwa mwaka?" si utovu wa adabu. Daktari mzuri atalijibu bila kukunja uso. Uliza pia: kalsiamu itapimwa lini na wapi baada ya upasuaji? Ukifungua upande mmoja ukakuta limfu zimeshikwa, utaendelea kutoa yote au utafunga tuzungumze? Jibu la hili liandikwe kwenye fomu, kwa maneno mnayokubaliana. Mjamzito aulize kama anaweza kusubiri ajifungue, maana kwa papilari ndogo mara nyingi inawezekana.

Na hili la mwisho usiliache hata kama umechoka: nyama itakayotolewa iende maabara yote. Wapo waliotolewa goita, wakapona kidonda, na hakuna anayejua kilichokuwa ndani yake. Kama wewe ni mmoja wa wale ambao saratani iligunduliwa baadaye ndani ya goita, usikimbilie upasuaji wa pili. Rudi hatua ya 3, soma sentimita za kwenye majibu, kwa sababu vijisaratani vidogo vya namna hiyo mara nyingi vimeshamalizwa na upasuaji uleule.

Hatua ya 8: Saa 24 za kwanza

Anayelala na mgonjwa awe anajua jambo moja: shingo ikivimba ghafla, ikawa ngumu, au pumzi ikawa nzito, aite muuguzi kwa sauti papo hapo. Damu inaweza kujikusanya ndani na kubana njia ya hewa. Kwa aliyetolewa yote, ongeza ganzi ya midomo na vidole, hata mkiwa mmesharuhusiwa kurudi nyumbani.

Hatua ya 9: Majibu ya nyama ndiyo neno la pili

Uamuzi wa nusu haujakamilika mpaka majibu ya nyama yatoke. Tafuta humo ukubwa halisi, kingo kama ni safi, yaani hazina saratani, mishipa ya damu kama imeingiliwa, limfu ngapi zina saratani kati ya ngapi, na kama limetajwa tawi lenye ukali la papilari au folikula. Uvimbe ukizidi sentimita 4, ukiwa umeingia sana kwenye mishipa, au limfu zaidi ya 5 zikiwa na saratani, huenda utashauriwa kumalizia upande wa pili. Kabla ya hapo kamera ya koo irudiwe. Neva ya upande wa kwanza ikiwa imeumia, kugusa upande wa pili kunahitaji tafakari kubwa, na mara nyingine kusubiri.

TSH ipimwe wiki 6 hadi 8 baada ya upasuaji, na ultrasaundi ya shingo kwa ratiba ya daktari, kwa kawaida baada ya miezi 6 hadi 12. Majibu ya nyama yapige nakala tatu: moja kwenye faili la hospitali, moja nyumbani, moja kwa ndugu anayeishi mkoa mwingine.

Ya mdogo wangu yalikuja baada ya wiki tatu. Papilari, sentimita 2.4, kingo safi, mishipa haikuguswa, limfu mbili zilizochukuliwa zote safi. TSH ya wiki ya sita ilikuwa ya kawaida, bila kidonge. Alinipigia simu akiwa kwenye daladala, sauti ikiwa imekwaruza kidogo bado, akaniuliza kama ile rula ni ya mtoto wangu mkubwa au mdogo, maana ameiona kwenye pochi yake na mtoto ana mtihani Jumatatu.